Hewa Chini ya Jiwe la Kahawia

Nianze na macho yake, maana ndiyo yaliyonitia wivu kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nilikuwa na miaka sita kwenye ile maabara ya kupima vito pale Deira, Dubai, yeye alikuwa na miezi kumi na moja. Hata hivyo bosi wetu akipata jiwe la kumsumbua, aliliinua kwenye taa, akaligeuza huku na huku, kisha akamwita yeye. "Njoo, nipe macho yako." Mimi nimekaa hatua mbili kutoka pale, na macho yangu yote mawili ninayo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimleta mwenyewe. Alikuwa mlinzi wa mapokezi kwenye jengo letu, Mkenya wa Machakos, koti la sare linampwaya mabegani. Tulikuwa tunalala chumba kimoja mtaa wa Al Nahda, wanawake sita, vitanda vya juu na chini, na mimi ndiye niliyemwonyesha ndoo ya kuogea ni ipi na jiko la zamu ya asubuhi ni lipi. Siku moja alipanda juu kuleta barua, akakuta nachambua mawe kwenye sahani nyeupe. Akauliza kwa nini mekundu haya nimeyaweka mbali na yale. Nikamweleza. Akauliza tena. Nilifurahi, nisiseme uongo. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo kwenye jengo lile isipokuwa choo kiko wapi. Baada ya wiki chache nikamwambia bosi kwamba kuna msichana chini anayejifunza haraka.

Basi alijifunza haraka.

Mimi mawe sikuyasoma kitabuni. Nimetoka bara ya Tanga, upande wa Umba, na mama yangu alikuwa anachekecha changarawe ya vito na kunipa mimi nichague mawe. Nikaja Dubai kwa kazi za ndani, nikamfulia madam miaka miwili, mkataba ulipokwisha nikapata kazi ya kufanya usafi kwenye maabara hiyo. Nikafagia, nikafuta vioo, na siku bosi alipodondosha pakiti ya mawe mchanganyiko nikamkusanyia na kumtengea kila aina kundi lake. Tangu siku hiyo nikapewa kiti. Lakini kwenye kitambulisho changu, mahali palipoandikwa kazi, pakabaki vilevile: mfanyakazi wa usafi. Nilikipitisha kitambulisho hicho benki, hospitali, uwanja wa ndege, na kila aliyekisoma alinitazama mikono.

Ndiyo maana nilikitaka kile kiti cha mkono wa pili. Kwetu kila cheti cha jiwe kilikuwa na saini mbili, ya bosi na ya mpimaji wa pili, na mpimaji huyo wa pili alikuwa bwana mmoja wa Kihindi aliyekuwa anarudi kwao kuoa. Atakayekaa pale angebadilishiwa kazi kwenye karatasi zake, aandikwe fundi wa maabara. Bosi alitutangazia asubuhi, sote wawili tumesimama, chai mkononi. Akasema atatupima kwa mawe matano kila mmoja, na atakayeshinda ndiye.

Yule mwenzangu akanigeukia akitabasamu. "Ni wewe tu, dada," akasema. "Mimi nitakuwa nakusindikiza."

Maneno mazuri. Yaliniudhi siku nzima.

Niseme kidogo juu ya bosi, kwa sababu jiwe lenyewe lilikuwa ni la kwao. Alikuwa mzee wa Sri Lanka, mpole, mwenye vidole vyembamba, na sisi tulimwita sir. Alikuwa na jiwe moja ambalo hakuliuza, dogo, la kahawia yenye umanjano ndani, kwenye kiboksi cha plastiki juu ya meza yake. Wiki mbili kabla ya mtihani alitutolea tulishike.

"Hili mnaliita nini?" akauliza.

Mimi nilikuwa wa kwanza. Nikasema peridoti, maana Waarabu wa dukani chini wangeliita zabarjad bila hata kuvaa miwani. Peridoti nyingi ni za kijani, lakini za kahawia nazo huonekana mara chache.

Akacheka. Akasema hata wakubwa wa taaluma walisema hivyohivyo, miaka na miaka. Jiwe hili lilikuwa limelala kwenye masanduku ya masonara na kwenye makabati ya makumbusho likiwa na kibandiko cha peridoti, na hakuna aliyelitilia shaka mpaka watu walipolipiga mionzi na kuangalia limejengwaje ndani. Likaonekana si peridoti kabisa. Likapewa jina la sinhalaiti, kutokana na jina la kale la kisiwa chao.

Halafu akatueleza, na hapo ndipo nilipomwona yule msichana anavyosikiliza, mdomo wazi kidogo. Bosi alisema madini hayapangwi kwa rangi wala kwa umbo, yanapangwa kwa kilichomo. Peridoti ni silikati. Imejengwa kwa silikoni na oksijeni, pamoja na magnesiamu na chuma. Sinhalaiti imejengwa kwa mpango uleule, nguzo kwa nguzo, ila mahali pa silikoni imekaa boroni, na aluminiamu imeingia pia. Kwa hiyo yenyewe ni ya ukoo mwingine, ukoo wa borati. Na ndani ya ukoo huo ni kitu cha ajabu, kwa sababu borati nyingi ni laini, na nyingine huyeyuka kwenye maji.

"Boraksi," msichana akasema. "Ile unga ya fundi wa dhahabu hapo chini. Nimeona akiichanganya na maji."

"Hiyo hiyo," bosi akasema, macho yakimng'aa. "Ni ndugu wa jiwe hili."

Nilikuwa nimepita mbele ya fundi yule miaka sita. Nilijua harufu ya unga wake ukiungua. Sikuwahi kuuliza ni nini. Huyu amekaa pale chini na sare yake ya ulinzi, akatazama, akauliza, akaweka akiba. Nilitamani nimpige kibao, na ninalisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyotamani.

Bosi akaendelea na tofauti. Ugumu haukusaidii, yote mawili ni sita na nusu hadi saba kwenye kipimo cha kumi. Kulitazama ndani hakukusaidii sana, kwa sababu yote mawili yana tabia ya kuonyesha kingo za nyuma mbilimbili. Mwanga ukiingia hugawanyika njia mbili. Namba za kupinda mwanga zinakaribiana, na peridoti ya kahawia yenye chuma kingi inaweza kupanda hadi zikagusana. Ziko mbinu nyingine, lakini kwa mtu mwenye mizani nzuri na subira, akasema, njia ya mkato ni maji. Pima jiwe hewani, lipime ndani ya maji, kisha gawa uzito wa hewani kwa uzito uliopungua majini. Peridoti itakupa tatu nukta tatu na kitu, ikijitahidi sana itafika tatu nukta nne. Sinhalaiti itakupa karibu tatu na nusu. Ni nzito zaidi kwa ukubwa uleule.

Kwa kupima majini mimi nilikuwa najiona bingwa. Ndiyo kazi niliyomfundisha yule mwenzangu kwa mikono yangu. Maji unayachemsha asubuhi, unayaacha yapoe, ili hewa itoke. Kuna kikapu kidogo cha waya kinachoning'inia kwenye mizani, kimezama ndani ya glasi. Unashusha jiwe kwa kibano, unaliweka kikapuni, unasubiri namba zitulie. Adui ni kipovu cha hewa. Kikinasa kwenye jiwe au kwenye waya, kinaliinua jiwe, nalo linaonekana jepesi kuliko lilivyo. Na anayeshusha jiwe amesimama, anatazama kutoka juu, hawezi kuona chini yake. Kwa hiyo tulikuwa na desturi ya watu wawili. Mmoja anashusha, mwingine anakaa, uso sawa na glasi, anasoma namba na kuziandika. Akiona kipovu anasema neno moja tu, "Hewa," na yule wa kwanza anakipangusa kwa brashi. Nilimwambia siku ya kwanza kabisa kwamba neno hilo halina mkubwa wala mdogo, hata sir akishusha jiwe unamwambia.

Wiki mbili za kusubiri mtihani zilikuwa ndefu. Ijumaa wenzetu wakipika pilau na kupigiana kelele za nani amemaliza vitunguu, yeye alipanda kitandani juu na kitabu cha bosi. Kitabu cha bosi! Mimi sikuwahi kuazimwa. Baadaye nilitambua sikuwahi kuomba, lakini hilo halikunipunguzia kitu. Nilikuwa naukuna ukoko wa sufuria huku namsikia akifunua kurasa. Mara anainamisha kichwa chini.

"Dada, hii 'optiki' ni nini? Mimi nimesoma mara tatu na bado sijashika."

"Soma mara ya nne," nikamjibu.

Akacheka, akadhani namtania. Hiyo nayo ilikuwa tabia yake, kila sumu yangu anaipokea kama utani. Ukiwa na wivu na mtu mkorofi, angalau unapata pa kuuweka. Huyu aliniwekea chai. Huyu alinifulia shungi nilipoumwa homa. Mimi nikabaki na wivu wangu mzima, haujaguswa.

Siku ya mtihani bosi alitupa kila mmoja pakiti yake, mawe matano yenye namba, akasema hatatuambia kama yanafanana. Alifungia kabatini vyombo vingine na kutuachia hadubini, mizani na refraktomita, chombo cha kusoma namba za kupinda mwanga. Kila mtu apime peke yake, isipokuwa kwenye maji, ambapo tutasaidiana kusoma kwa sababu ndiyo desturi na mizani ni moja. Kila mmoja apige hesabu zake mezani kwake na asimwonyeshe mwenzake. Akatoka kwenda kumwona mteja mmoja hotelini.

Nikaanza mimi. Manne yalikuwa mepesi kwangu, hayakunipotezea muda. La tano lilikuwa la kahawia. Kwenye refraktomita kivuli kilikuwa hafifu, kinakaa mahali ambapo peridoti ya chuma kingi nayo ingeweza kukaa. Nikaenda kwenye mizani. Mwenzangu akakaa chini, karatasi mkononi, uso karibu na glasi. Nikashusha.

"Dada, hewa," akasema mara moja. "Hapo chini, upande wa dirisha."

Nikachukua brashi nikapangusa. Akasoma namba, akaziandika kwa mwandiko wake ule ulionyooka. Hewani karati sifuri nukta themanini na saba, majini sifuri nukta sitini na mbili. Nikaenda mezani kwangu nikagawa. Tatu nukta nne nane. Nilirudia hesabu mara tatu ili nifurahie tu.

Zamu yake ikafika. Mimi nikakaa, yeye akasimama. Jiwe la kwanza safi, la pili safi, la tatu nikasema "Hewa" bila hata kufikiri, akapangusa. La nne safi. Kisha akafungua karatasi ya jiwe la tano, na lilikuwa la kahawia. Akalipima hewani, karati sifuri nukta tisini na nne. Akalishika kwa kibano, taratibu, mkono wake hautikisiki hata kidogo, akalishusha majini.

Kipovu kilikuwepo. Kilinasa kati ya jiwe na waya, chini kabisa, kikubwa kidogo kuliko kichwa cha pini. Kilikuwa kinametameta kwa mwanga wa dirisha, na mimi nilikuwa nakitazama kwa umbali wa shibiri moja.

Nimejaribu mara nyingi kujidai kwamba nilisita, kwamba neno lilichelewa. Halikuchelewa. Lilikuwa tayari mdomoni na mimi nikalimeza. Nilifikiria "nipe macho yako". Nilifikiria boraksi. Nilifikiria kitambulisho changu na karani wa benki aliyenitazama mikono. Namba zikatulia.

"Iko sawa, dada?" akauliza kutoka juu.

"Sifuri nukta sitini na sita," nikasema, nikaandika.

Ingekuwa sitini na saba. Sehemu moja ya mia ya karati, hiyo tu. Alikwenda mezani kwake, nikamsikia akibonyeza namba kwenye simu, halafu akabonyeza tena. Alirudi hadi kwenye refraktomita akatazama kwa muda mrefu. Alikuwa na shaka, nilimwona mgongo wake ukiwa na shaka. Kisha akaandika.

Bosi alirudi mchana akakaa na karatasi zetu mbili. Yangu yote matano sawa. Yake manne. Jiwe la tano alikuwa ameandika peridoti, ya kahawia, chuma kingi. Bosi hakukasirika. Alisema ni kosa la heshima, wakubwa walilifanya. Lakini alitazama zile namba, akachukua jiwe lenyewe akalipima tena mbele yetu, mimi nikishusha, yeye akisoma. Sitini na saba.

Akavua miwani. "Nani alikusomea?"

"Dada," msichana akasema.

"Kulikuwa na hewa?" Bosi hakuniuliza mimi. Alimuuliza yeye.

"Hapana, sir. Dada ndiye alikuwa anasoma."

Alilisema hivyo, kwa uhakika kabisa, na bosi akaitikia kwa kichwa, kwa sababu na yeye alinijua. Akasema basi ni mkono, pengine alishusha kwa haraka na jiwe likagusa ukingo wa glasi. Akasema anayeshusha ndiye mwenye jiwe, kosa ni lake. Kiti ni changu. "Khalas, imekwisha," akasema, akanipa mkono.

Nilifurahi. Watu hudhani mtu wa namna yangu hafurahii, kwamba anaumwa palepale. Mimi nilifurahi sana. Nilikwenda chooni nikajitazama kwenye kioo nikacheka peke yangu.

Tulirudi pamoja jioni ile, metro imejaa, tumesimama tumeshika nguzo moja. Tuliposhuka na kusubiri basi la Al Nahda, joto bado linapanda kutoka kwenye lami, akanigeukia.

"Dada, nikuulize kitu? Usinikasirikie."

"Uliza."

"Ile hewa. Haungeiona kweli? Kama ingekuwa?"

Nikamtazama. Ulikuwa ndio wakati wenyewe, nao ulikuwa mpana, wala hakuna aliyekuwa anatuharakisha. "Hapakuwa na hewa," nikasema.

Akashusha pumzi, na nikaona mabega yake yanalegea. "Ni sawa. Kama wewe hukuona, basi hakuna. Ni mkono yangu." Akautazama mkono wake, ule wa kulia, akaugeuza chini ya taa ya kituo. "Sasa si Jumatatu unifundishe tena? Kutoka mwanzo. Unionyeshe mahali nakosea."

Nikasema nitamfundisha. Jumatatu nikakaa naye kwenye mizani, kwenye kiti changu kipya, nikamwambia ashushe. Akashusha. Nikamwambia arudie. Alishusha jiwe mara kumi, na mara zote kumi nilitazama vidole vyake, kiwiko, pumzi, nikitafuta kosa, na hapakuwa na kosa. Alikuwa anafanya vizuri kuliko mimi. Alikuwa ananisubiri, kichwa amekiinamisha, aambiwe.

Ikabidi nimpe kitu. Nikamwambia anashika kibano karibu mno na ncha, akishike nyuma zaidi. Akanishukuru. Amekishika hivyo hadi leo, nyuma kabisa, na mkono wake sasa unatetemeka.